Maji ya Kioo Yametoka

Yametoka! Zuhura mwanangu, maji yametoka! Vitundu vyote viwili vimerusha, cha kulia na cha kushoto, kioo chote cha mbele kimelowa, na mengine yamenipiga mimi usoni nilipokuwa nimeinama juu ya boneti. Usiende kwa Bwana Usafiri kesho asubuhi. Usimwambie neno. Ufunguo huo ulionao mkobani usimpe mtu, awe Salumu au awe nani. Gari ni zima, na dereva wake ni wewe.

Haya. Sasa naweza kukusalimu kama mtu aliyelelewa. Hujambo, mama? Safari ya Lindi ilikuwaje? Wifi yangu na wote wa nyumba yake hapo Mtanda nawasalimu, mwambie shangazi yako asikukeshe kwa hadithi, una kazi kesho. Sisi huku Mchinga hatujambo. Baba yako yuko zamu ya shamba la kijiji tangu asubuhi, hata yeye habari hii hajaipata. Wewe ndiye wa kwanza, ukimtoa Bi Somoe, ambaye ameipata kwa kulowa.

Barua anakuletea Shemeji Issa kwa lori lake la nazi. Nilikuwa nimeandika ile mistari ya juu tu, nikakimbia nayo barabarani khanga ikinivuka, kumbe gurudumu la nyuma lina pancha. Yeye na utingo wake wamekaa chini wanaziba, tena utingo anaimba, kwa hiyo najua hawana haraka. Nikarudi nikakaa barazani. Nitaandika mpaka nisikie injini. Karatasi ninazo, na mwandiko wangu unaujua. Hata mwalimu wa kisomo cha watu wazima, akitaka herufi zionekane mpaka wale wa nyuma, huniita mimi nikamwandikie ubaoni. Nilisoma darasa la nne la enzi ya mkoloni, lakini darasa la nne la siku zile halikuwa mchezo.

Sitakuandikia habari za kula vizuri, wala kufunga mlango, wala uangalie unakaa na nani. Hayo utaambiwa hapo Mtanda mpaka usinzie. Mimi nataka nikusimulie jinsi nilivyoipata kasoro ya gari, maana nusu ya kisa hukuwepo, na nusu nyingine ulikuwepo lakini hukujua chanzo chake. Chanzo chake ni mimi.

Unakumbuka ulivyoingia Jumanne? Nilikuwa kisimani. Nikasikia honi, kisha watoto wakaanza kupiga kelele, "Zuhura! Zuhura anaendesha!" Wenzangu wote wakageuka kunitazama. Nikatua ndoo taratibu, nikajifunga khanga upya, nikasema kwa sauti ya kusikika, "Huyo wangu." Kana kwamba kuna asiyejua! Halafu nikaiacha ndoo palepale nikakimbia kama msichana.

Ukateremka umejaa vumbi jekundu mpaka kwenye kope, ukanishika miguu, "Shikamoo mama," ukaniambia umepewa. Gari la chanjo. Unalipeleka Kilwa, juu kule milimani Kipatimu, na dereva ni wewe mwenyewe, na umeruhusiwa upite nyumbani uage kwanza. Nikakuuliza, "Kwenye zile kona?" Ukacheka, "Mama, kona nimezizoea." Sikulala vizuri siku ile, lakini nilikoroma kwa makusudi ili usijue.

Ukatuambia na alivyokuambia Bwana Usafiri, mkubwa wa magari yenu hapo Lindi, mbele ya madereva wenzako wote wanaume: gari likipata kasoro yoyote, hata ya maji ya kuoshea kioo, lisitembee, lisimame palepale lilipo, na uje umwambie wewe mwenyewe kwa mdomo wako. Na yule dereva Salumu akasema pembeni kwamba halitamaliza wiki mikononi mwa mwanamke. Baba yako hakusema kitu. Mimi nilisema. Niliyosema siyaandiki.

Sasa sikiliza chanzo. Jana Jumatano ulifungua boneti kupima oili, nami nikasimama kando yako kama mkaguzi. Nikakuuliza, "Hii chupa ya nini?" Ukasema, "Ya maji ya kioo, mama. Ukibonyeza kile kitufe cha ndani kwa dole gumba, ni pampu ya mkono tu, haitaki hata ufunguo, maji yanapita kwenye mpira yanaruka nje, halafu waipa inafuta." Mwanangu, nililipenda lile gari tangu hapo. Gari linanawa uso lenyewe! Nikawaza siku nzima. Ulipokwenda kuaga kwa kina mama wa kikundi, nikaliosha lote, magurudumu, milango, mpaka nyuma ya taa, kama nilivyokuwa nakuosha nyuma ya masikio. Nikafika kwenye ile chupa. Nikajiambia: ananawa uso, sawa, lakini ananawaje bila sabuni?

Basi nikaijaza maji ya kisima, nikachukua kipande cha sabuni ya mche, nikakaa juu ya mbuzi, nikaikuna kama nazi. Ndiyo, mbuzi hiihii ya jikoni. Ikatoka laini nzuri, nikaitia chupani, nikatikisa, nikafunga. Sikukuambia. Nilitaka kesho, watu wote wamesimama, ubonyeze kitufe povu liruke hewani, waseme, gari la Zuhura si kama magari mengine.

Leo asubuhi ukabonyeza, kimya. Ukabonyeza tena. Nikauona uso wako ukibadilika, nami sikuelewa hata kidogo kwamba mkono wangu umo. Ukachukua sindano yangu ukazibua vitundu. Ukagonga chupa, ukagonga mpira, ukakaa kwenye ngazi ya gari, ukasema, "Pampu imekufa. Na Lindi nzima hakuna pampu ya hivi."

Nikakuambia, "Kwa ajili ya maji tu? Beba kopo, umwagie kwa mkono." Ukanitazama kwa ule utulivu wako unaonitisha. "Mama, kule milimani ni tope. Lori la mbele likinirushia tope kwenye kona, mikono miwili iko kwenye usukani. Kopo nalishika kwa mkono gani?"

Nikasema, "Basi nyamaza. Atajuaje?"

Ukasema, "Aliniambia nije nimwambie. Nitakwenda."

"Na akimpa Salumu?"

"Akimpa Salumu, atakuwa amempa."

Ukasema Bwana Usafiri yuko Mtama, anarudi jioni, kesho mapema utakuwa mlangoni kwake kumrudishia ufunguo. Ukapanda basi. Gari likabaki chini ya mkorosho, linang'aa, sabuni yangu tumboni.

Nilikaa nikijaribu kuchambua mchele. Mawe nikayaacha, mchele nikautupa. Nikainuka, nikaenda ukutani kwa jirani.

"Somoe! Njoo ukae kwenye gari."

"Linakwenda wapi?"

"Haliendi popote."

"Sasa kuna faida gani ya kukaa?" Lakini akaja, tena alirudi kwanza ndani akabadili khanga, akavaa ile ya harusini. Akapanda kiti chako, akaliangalia shamba la kijiji lote kwa mbele kama mkuu wa wilaya. Nikafungua boneti.

"Mmwera wewe," akaanza, unamjua ulimi wake, "pwani umeiona juzi, leo umekuwa fundi magari?"

"Mtani, nikisema bonyeza, bonyeza."

"Nikibonyeza likiondoka je?"

"Halina ufunguo."

"Hivyo ndivyo walivyosema wote waliokufa."

Nikauchomoa mpira pale unapoingia kwenye vitundu, nikaushika mkononi, nikamwambia abonyeze. Akabonyeza. Mpira mkavu. Hapo nikajua vitundu havina hatia. Sindano yangu uliipinda bure. Kasoro iko nyuma zaidi. Vizuri mpaka hapo, sivyo? Hapo ningetulia ningekuwa fundi kweli. Lakini nilikuwa na hasira na ule mpira, nikaleta pampu ya baiskeli ya baba yako, nikaibana kwenye mpira, nikapuliza kwa nguvu zangu zote. Nikasikia *pwap!* ndani ya gari. Mpira ulichomoka huko chini ya dashibodi, na maji yaliyokuwa yamebaki yote yakamwagikia Bi Somoe mapajani.

"Ameniosha!" akapiga kelele. "Jamani, khanga ya harusini! Ameniosha kwa sabuni!"

Nikamwambia anyamaze. Halafu nikasikia alichosema. *Kwa sabuni.* Alikuwa ananusa vidole vyake. Lakini bado kichwa changu hakikuunganisha, mwanangu. Hivi ndivyo nilivyo mimi. Jambo likiwa limetoka mkononi mwangu, mwisho kabisa ndipo ninapolitazama.

Tukaurudisha mpira. Yeye ndiye aliyeurudisha, ana vidole vyembamba. Safari hii nikakaa kwanza, nikafikiri. Nikauchomoa ule mpira kwenye chupa yenyewe, nikauingiza kwenye bakuli la maji ya mvua. "Bonyeza." Akabonyeza. Akabonyeza tena. Na kule mbele, kwenye ncha iliyokuwa wazi, maji yakatoka chururu!

Pampu haikufa, Zuhura. Uliizika ikiwa hai.

Basi ikabaki chupa. Nikaichomoa nzima, nikaiinua juani. Chini kabisa, pale mpira unapofyonzea, pana kichujio kidogo kama ukucha wa kidole cha mwisho. Hakikuonekana. Kilikuwa kimefunikwa na kitu cheupe, kizito, kama mtindi ulioganda. Nikatia kidole. Mkono wangu ukajua kabla ya kichwa.

Wewe umezaliwa hapa, unajua. Kisima chetu hiki na sabuni havipatani. Ukifulia maji yake unapata utando mweupe, nguo inanata, povu huoni. Ndiyo maana nguo za mtoto mchanga na khanga za bibi harusi tunangoja maji ya mvua ya kwenye pipa. Nilipoletwa hapa kama mke kutoka Mtama niliwacheka wanawake wa hapa kwa kungoja mvua wafue, nikafua zangu, zikakauka kama magome. Nilijifunza kwa aibu. Nikakufundisha wewe ukiwa mdogo hivi. Halafu leo, kwa sababu ya kutaka watu waseme gari la Zuhura si kama mengine, nimechukua maji ya kisima kilekile, nikakuna sabuni ndani yake, tena kwa mbuzi yenye nazi kwenye meno!

Bi Somoe akachungulia. "Nani katia sabuni humu?"

"Mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu tu."

"Huyo mtu anakaa nyumba hii?"

"Somoe, nipe unyoya wa kuku."

Nikachemsha maji ya mvua, nikakamua ndimu, nikausafisha mtindi wangu kwa unyoya, taratibu, mpaka kichujio kikaonekana matundu yake. Chupa nikaisuuza mpaka ikaacha kuteleza. Nikaijaza maji ya mvua, nikiyapitisha kwenye kile kitambaa cheupe cha kuchujia tui. Nikarudisha kila mpira mahali pake. Wala sikuwa na haraka tena. Nikamwambia, "Bonyeza, mtani." Yakatoka. Hayo ndiyo niliyoyapiga kelele pale juu ya barua.

Sasa nikuambie na kilichofuata, ingawa ningeweza kukiruka na usingejua kamwe.

Tulicheka. Bi Somoe alibonyeza mpaka nikamwambia atamaliza maji. Halafu tukawa tunatazama kioo kinavyochuruzika. Akasema, si kwa sauti yake ya utani:

"Turudishe."

"Turudishe nini?"

"Huo mtindi wako. Tuurudishe chupani, tufunge, tunyamaze. Kesho Salumu anachukua gari, mtoto anabaki Lindi, kila Ijumaa unamwona. Nani atajua?"

"Wazimu wewe."

"Usiku wa jana nilisikia mtu analia nyuma ya ukuta huu. Au alikuwa mbuzi?"

"Alikuwa mbuzi."

"Basi mbuzi wako anakupenda sana Zuhura."

Nakuambia kweli, mwanangu, sikumfukuza. Mtindi ulikuwa pale kwenye kibakuli, sikuwa nimeumwaga bado. Niliutazama. Nilifikiri zile kona. Nilifikiri nyumba hii jioni, sahani mbili.

Kuna jambo sijakusimulia. Wewe umekua ukinisikia nikisema kwamba shule yangu iliishia darasa la nne kwa sababu nafasi za mbele hazikuwapo. Ndivyo nilivyojua na mimi. Ule mwaka wa Uhuru tulikwenda Mtama kwa bibi yako, tukasherehekee kule. Ulikuwa unang'oka meno ya mbele, ulitaka kushika bendera ya kila mtu. Katikati ya ngoma akanijia mwalimu wangu wa zamani, amezeeka. Akanitazama sana, akasema, "Wewe si ndiye yule aliyekataa kwenda?"

"Kwenda wapi, mwalimu?"

"Shule ya wasichana, ya bweni. Ulichaguliwa wewe peke yako. Nilikuja mwenyewe kwenu nikamwambia mama yako. Akaniambia, 'Tumesikia, mwalimu.' Akanipa na kuku."

Sikumaliza ngoma. Nilikwenda nyumbani nikamkuta bibi yako anachambua kunde. Nikamwuliza, "Mama, mwalimu alikuja?"

"Alikuja."

"Alisema nini?"

Akaendelea na kunde zake. Akasema, "Alisema unakwenda. Na mimi nilikuwa sijamaliza kukutazama."

Basi. Hakuongeza neno, mpaka tulipomzika. Nilimkasirikia njia nzima ya kurudi Mchinga. Ulikuwa umelala mapajani mwangu, mate yako yananilowesha khanga, nami nahesabu moyoni yote niliyokosa: ningekuwa mwalimu, ningekuwa muuguzi, ningekuwa navaa saa. Halafu ukaamka, ukaniuliza kama Uhuru utakuja tena kesho. Nikafikiri, ningekwenda kule bwenini, huyu leo angekuwa wa nani? Kwa hiyo mpaka sasa siwezi kusema bibi yako alikosea, wala siwezi kusema alifanya vizuri. Nimekaa na maneno yote mawili, kila moja limekaa upande wake.

Lakini leo nimekaa na kibakuli cha mtindi mkononi, na mimi pia sijamaliza kukutazama. Nilikuwa na kukutazama kwingi bado. Unavyokunja paji la uso ukipima oili sikuwahi kukuona, nimekuona jana tu. Nikaumwaga, Zuhura. Niliumwaga nyuma ya choo, nikafukia kwa mguu.

Nikamwambia Bi Somoe, "Nenda kamwambie Issa asiondoke."

"Unaandika?"

"Naandika."

"Basi mwandikie kwamba aliyebonyeza ni mimi."

Nimekwisha kuandika.

Ngoja, baba yako amerudi.

Amekwisha kwenda. Nimemwonyesha. Aliweka jembe chini, akanawa mikono kwanza, akapanda kiti chako, akabonyeza mara moja. Maji yakaruka. Akabonyeza tena. Akateremka, akaufunga mlango polepole kama wa msikitini, sasa yuko nyuma ya nyumba anajifanya anahesabu kuku. Usimwambie nimekuambia.

Wewe umechukua kwake. Kitu kikikukatalia, nyote wawili mnasema kimekufa, mnanyamaza, mnakubali. Mnapendeza kwa kukubali, lakini mnazika vitu vizima. Huko uendako, kabla hujasema kimekufa, chomoa mpira mmoja utazame maji yanaishia wapi. Mimi ugonjwa wangu ni mwingine, wangu ni wa kuongeza sabuni. Maji yalikuwa yanatosha, na gari lilikuwa linapendeza, na wewe ulikuwa unapendeza na vumbi lako. Kuna watu watakupenda huko, nao watakutilia sabuni kama mimi, kwa siri, wakingoja ushangilie. Usiwafokee sana. Fungua chupa, uoshe, uendelee na safari yako. Na mimi ukiniona nimeshika mbuzi karibu na gari lako, nifukuze.

Sasa nimeisoma tena barua tangu juu, nikaona nimekuandikia usimwambie Bwana Usafiri neno. Nakujua. Umekwisha kutikisa kichwa. Alisema uje umwambie, na wewe utakwenda kumwambia hata kama gari linapaa. Haya, nenda. Nilikutaka uwe hivyo, nitalalamikia nini leo. Mwambie lilikuwa na kasoro, mwambie na kasoro ilikuwa nini. Ndiyo, mwambie na sabuni, acha wacheke. Salumu naye acheke mpaka achoke. Lakini ukimaliza kusema, ufunguo usiuweke mezani. Ubaki nao mkononi, umwambie kwamba gari limepona na unaomba ruhusa ya kuondoka. Akikuuliza ni fundi gani wa Mchinga aliyelitengeneza, mtajie jina langu, la kwangu na la baba yangu, lote, usilifupishe. Akisema haamini, aje abonyeze mwenyewe. Nitampa kiti cha mbele. Bi Somoe atamwachia, kwa shida.

Na akikataa? Nimejiuliza pia, si kwamba sijajiuliza. Akikataa, utarudi nyumbani kwa basi, na mimi nitakupokea palepale kisimani mbele ya wote, nitasema kwa sauti ileile, "Huyo wangu." Ila sidhani kama atakataa. Nani atamkataa dereva aliyeacha gari jipya chini ya mkorosho akapanda basi kwenda kujisema?

Utingo ameacha kuimba. Nasikia wanashusha jeki.

Yako mengine mengi ila nafasi imekwisha, naandika sasa pembeni mwa karatasi. Jambo moja sikukuambia asubuhi, maana uso wako haukuniruhusu. Mimi tangu Jumanne nilikwisha kualika watu. Niliwaambia wote waje wakuone ukilitoa gari uani, na leo yote, kasoro ilipotokea, sikumwambia hata mmoja asije. Pilau imekwisha kupangiwa wapishi. Wajomba zako wa Mtama wanapanda basi alfajiri, watashuka hapo Lindi, uwapokee uje nao, yule mkubwa usimwache achague kiti kwa kuwa atachagua cha dereva. Kikundi cha kina mama wanakuja na khanga zao za sare, shule wanaruhusu watoto, hata wale wa kisimani walioninunia wanakuja. Shemeji Issa anapiga honi, mwanangu, ananiita. Sali, ule kitu, uje. Wote tumekubaliana ni kesho Ijumaa, mara tu watu wakitoka msikitini.